Sisi Tulikuwa Tunaonja Tu

Kama unameza dawa za virusi na jikoni kwako kuna pipa la pombe, maneno haya ni yako. Wengine wasome wakitaka. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, sitaeleza ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya damu, hayo yana wenyewe. Nitaeleza yaliyotupata mimi na mke mwenzangu katika boma moja hapa Ulemo. Mimi nipo. Yeye hayupo.

Aliitwa Mama Zakayo, mimi naitwa Mama Rehema. Mume wetu, Mzee Mkumbo, alinioa mimi kwanza, na binti yangu Rehema alipokuwa ameshaanza shule akamleta yeye. Tuligombana, siwezi kusema hatukugombana. Tuligombania kuni, tuligombania jembe, tuligombania nani alimwachia mbuzi akaingia kwenye mtama. Kisha mzee akaanza kukonda. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili, akafa, na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Baada ya mazishi tulikwenda kupima Kiomboi, wote wawili siku moja, tukatoka na majibu yaleyale. Tulikaa stendi kusubiri gari. Halafu Mama Zakayo akasema, "Mama Rehema, mzee katuachia urithi usiogawanyika. Kila mtu kapata wote."

Mimi si mtu wa kucheka, lakini siku ile nilicheka mpaka watu wakageuka.

Tulianza dawa pamoja. Jioni redio ikianza taarifa ya habari, mmoja alipaza sauti kutoka mlangoni kwake, "Umemeza?" na mwingine akajibu, "Nimemeza." Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu.

Sasa pombe. Huku kwetu mpishi wa pombe ni mtu wa kazi kama fundi yeyote. Unaloweka mtama, unauotesha kwenye magunia, unauanika, unausaga ndio upate kimea. Unapika uji kwenye pipa, ukipoa unatia kimea, unasubiri, unachuja. Pombe yetu ilijulikana. Mtu akiita watu wamlimie, au akiwa anamaliza matanga, aliwaita wanawake wa boma la Mkumbo. Na kuna desturi moja ambayo kila mpishi anaijua. Huwezi kumpa mtu kata ya pombe kabla hujaionja mbele ya macho yake, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Usipoonja ataiangalia kata, halafu atakuangalia wewe, na kata itabaki hapo hapo. Kuonja ni kumwambia, sina neno na wewe, hakuna kitu nimekutilia.

Kwa hiyo tulionja. Tulionja kimea kikishatiwa. Tulionja asubuhi kabla ya kunawa uso, kujua kama imeiva. Tulionja wakati wa kuchuja, na wanywaji wakija tulionja kwa kila kata. Wala hatukuita huko kunywa. Mlevi tulimjua, ni yule anayelala njiani na kiatu kimoja. Sisi tulikuwa wapishi.

Kliniki walituuliza kila tulipokwenda, "Bibi, unatumia pombe?" Tukajibu hatutumii. Hatukudanganya. Hata mbele ya mchungaji ningejibu hivyo hivyo.

Tena kwenye mabenchi ya kilabu ilikuwa inasemwa kwamba dawa za virusi zikikutana na pombe tumboni zinapigana, na ini linapasuka. Aliyesema kwanza simjui. Basi siku za pombe hatukumeza. Tulisema tunazipumzisha dawa, na tuliona tumekuwa waangalifu. Wakati wa kulima mtama wa kupikia haupo, hapo tulimeza vizuri. Ukishavunwa, siku za pombe zinafuatana kama shanga kwenye uzi.

"Umemeza?"

"Leo nimezipumzisha."

"Hata mimi."

Mwaka ambao mtama uliitika sana ndio mwaka nilioanguka. Kwanza mdomo uliota utando mweupe, chakula chote kikawa na ladha ya majivu. Kisha tumbo likafunguka na likakataa kufunga. Sketi niliyovaa kanisani niliifunga kwa kamba. Mikono yangu, iliyokuwa inanyanyua pipa bila msaada, asubuhi ilitetemeka mpaka nikamwaga chai. Nikionja pombe, mikono inatulia. Nilifikiri ni uzee.

Kliniki wakapima damu wakasema virusi vimepanda, vya Mama Zakayo pia. Tulikuwa tumeshazoea kuchukua dawa za miezi mitatu, wakaturudisha kuja kila mwezi, kama watu wapya. Nani hajui benchi lile? Mnakaa bega kwa bega, kila mmoja anaangalia ukuta. Mnatoka kijiji kimoja na hamsalimiani mpaka mkivuka geti. Siku moja nilikuwa nimechoka hata kukaa kulinishinda, na mwanamke wa pembeni yangu, khanga imemfunika mpaka puani, akamenya chungwa akanipa nusu. Sijui ni nani. Chungwa lile bado nalikumbuka kuliko sindano zote.

Sista aliyetupa dawa alitupeleka chumba cha nyuma, kwa mshauri. Niliingia kwanza. Kijana wa umri wa wajukuu zangu akasimama akaniamkia, nikamwitikia, nikakaa. Akauliza nakunywa chupa ngapi kwa wiki.

"Chupa ya pombe sijainunua tangu nizaliwe," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napika pombe ya mtama.

"Na nani anaonja, bibi?"

Nilimwangalia vizuri. Akasema mama yake alikuwa mpishi, upande wa Manyoni, yeye amesomeshwa kwa pesa ya pombe. Akanyanyuka akaleta ndoo ya maji, kata na jagi tupu, akaniomba nimwage kwenye jagi kile ninachoonja siku ya pombe, kuanzia ninapoamka. Nikaona ni mchezo wa watoto, lakini nikamwaga. Cha kimea. Cha alfajiri. Cha kuchuja. Cha mnywaji wa kwanza, wa pili, yule anayerudisha kata akidai ni chachu. Jagi likajaa, na kwa hesabu yangu siku ilikuwa haijafika hata adhuhuri. Nikaweka kata chini.

Mama Zakayo aliingia baada yangu, akatoka upesi. Njiani nikamuuliza amemwaga kiasi gani. "Kidogo," akasema. "Kijana ana huruma, kaniamini." Kisha akanicheka. "Mama Rehema, sasa hata kuonja ni ugonjwa? Tutapika tumefumba mdomo?"

Nitasema hapa nilivyoacha, kwa sababu niliacha vibaya na sitaki mtu aige. Mshauri alikuwa amenieleza nipunguze kidogo kidogo na nirudi kwake kila wiki. Mimi ni mtu mgumu. Nikasema kitu ukikiacha unakiacha. Nikarudi nyumbani nikapindua pipa. Kesho yake jioni mwili ukaanza kutoka jasho la baridi, meno yakagongana, moyo ukanienda mbio. Ukutani niliona siafu, mstari mrefu wanashuka kuja kitandani, nikawa nawapiga kwa khanga na kumlalamikia Rehema, aliyekuwa amekuja kunitazama, kwa nini hanisaidii. Rehema aliona ukuta mtupu. Alinipakia kwenye pikipiki, mimi katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenishika kama gunia, tukaenda Kiomboi hivyo.

Wakanilaza. Sista alinifuta jasho akasema, "Bibi, ungekufa kwa ushujaa wako." Mwili uliozoea pombe miaka mingi hauachishwi ghafla nyumbani. Waambie, wakusaidie. Na sista huyo huyo ndiye aliyenieleza habari ya kupumzisha dawa. Alisema ni afadhali kumeza hata siku uliyokunywa, kuliko kuacha. Kuziacha ndiko kulikotuumiza. Miaka yote ile tulikuwa tunalinda ini tunaua damu.

Nilikuwa bado wodini mvua za kwanza ziliponyesha. Nilizisikia juu ya bati, nikawa nawaza shamba langu nani atalilima. Nilipotoka nilikuta limelimwa. Mama Zakayo alikuwa ameita watu akawapikia pombe ya kazi, na aliyeonja ni yeye.

Hapo ndipo boma letu lilipogawanyika. Mimi nilianza kuuza karanga na vitunguu barabarani. Yeye aliendelea kupika, na harufu ya kimea ilivuka ua ikaja kukaa mlangoni kwangu kama mgeni asiyeaga. Rehema alitaka nihamie kwake Kiomboi, nikakataa, siwezi kuishi nyumba isiyo na shamba. Zakayo, mtoto wa mwenzangu, ni fundi pikipiki Singida mjini. Alikuja akaniambia, kwa heshima, kwamba mama yake anakula kwa pombe hiyo, mimi mama mkubwa nisimsumbue. Tukawa tunagombana upya mimi na Mama Zakayo, kama vile mzee kafufuka.

Jioni bado niliita. "Umemeza?" Siku nyingine alijibu amemeza. Siku za pombe nilivuka ua mwenyewe na vidonge vyake na kikombe cha maji. Alivipokea, akaniambia, "Nenda, naona aibu kumeza mbele ya mkwe." Mkwe ni mimi. Nilitoka nikiguna.

Alijaribu, msiseme hakujaribu. Wakati wa palizi aliacha kuonja. Tulikwenda pamoja kwa mshauri, kwenye kikundi cha watu wanaoacha, tukakaa kwenye viti vya plastiki na wanaume wanaolia. Alinenepa. Mashavu yalirudi, na kanisani aliimba kwa sauti yake ya zamani, ya juu kuliko kwaya. Mtama ulipovunwa, mtu mmoja alikuwa anaoza binti, akaja kumbembeleza. Akasema harusi bila pombe ya Mama Zakayo si harusi. Nilimsikia kutoka jikoni kwangu akijibu, "Nitawapikia. Nitaonja tu."

Upepo wa baridi wa kiangazi ulipoanza, alikuwa anakohoa. Kifua kikuu. Virusi vilikuwa vimepanda kuliko mwanzo. Nilimuuguza mimi, maana Zakayo ana familia mjini. Alikuwa mwepesi, nikimgeuza kitandani ilikuwa kama kugeuza ungo. Siku moja nilikuwa namlisha uji wodini, akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Mama Rehema. Matanga yangu usiwape watu pombe mbaya. Watasema."

"Kula uji," nikamwambia.

"Nimekwambia."

"Nimesikia. Kula."

Alikula vijiko viwili akageukia ukutani. Kesho yake alfajiri aliondoka.

Nguo zake nilifua mimi, ni kazi ya mke mwenza. Kwenye khanga zake, karibu kila ncha ilikuwa na fundo. Nikifungua fundo nakuta unga mweupe umegandamana, mwingine umeshayeyuka ukashika kitambaa. Ni vidonge. Ni vile nilivyomvukia navyo ua. Nilivisuuza kwenye beseni mpaka maji yakawa kama ya kuoshea mchele, nikayamwaga mbali, kuku wasifike. Sikumwambia Zakayo. Atasoma hapa.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, shemeji yangu Gideoni, mdogo wake Mzee Mkumbo, alituita, mimi, Rehema na Zakayo. Akasema mtama upo, ndugu za marehemu watatoka upande wa Mgori, Mama Rehema atapika. Nikasema pombe sipiki, watu wanywe uji. Akasema basi atapika mwingine, lakini wa kuonja kata ya kwanza ni mimi. Mke akifa, mke mwenzake ndiye anayeonja mbele ya ndugu wa marehemu. Asipoonja, wataondoka na jibu lao. Hakusema ni jibu gani, na kila mtu pale alilijua. Mke mwenza asiyeonja ni mke mwenza aliyeua.

Rehema, Rehema huyo huyo aliyenishika kwenye pikipiki, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tone moja kwenye ulimi, yaishe."

"Tone hilo nalijua," nikasema. "Lilinilaza Kiomboi. Mwenzangu limemlaza nyuma ya nyumba."

Zakayo alikuwa anaangalia chini. "Mama mkubwa, mama yangu aliwapikia watu wote wa hapa. Kila matanga, kila shamba. Leo yeye atolewe kwa uji?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu.

Nilikaa na maneno hayo. Yalikuwa maneno ya mama yake pia, na nilikuwa nimemwambia nimesikia. Kisha nikaenda kumwona mshauri, ingawa haikuwa siku yangu. Sikwenda kuomba ruhusa ya tone. Nilikwenda kumuuliza kama mikono yangu inaweza kushika kimea tena bila mdomo kufuata. Akasema hajui. Akasema nisiwe peke yangu jikoni. Basi nikamchukua Rehema, nikaloweka mtama, nikauotesha, nikauanika, nikausaga, nikapika togwa, uji wa kimea usiolewesha, kwenye pipa lile lile nililolipindua. Harufu ya kimea ilipanda, mate yakajaa mdomoni. Nilitema nikaendelea kukoroga. Togwa ukiichelewesha inageuka pombe yenyewe, kwa hiyo nilitia kimea jioni ya kuamkia siku yenyewe, ili wainywe ikiwa bado tamu.

Ndugu zake walifika, wakakaa kwenye mikeka. Kaka yake mkubwa alikaa mbele, fimbo kati ya magoti. Nilichota kata nikasimama mbele yake, nikanywa. Sikuonja. Nilikunywa nusu nzima akinitazama koo.

"Kaka," nikasema, "hii ni togwa. Imepikwa vizuri, dada yako asingeona aibu. Pombe siwezi kuonja. Nina ugonjwa aliokuwa nao yeye, wote mnajua, na pombe ndiyo iliyommaliza. Nikiionja leo, mtarudi hapa kunizika mimi."

Sikuwahi kuusema ugonjwa wangu mbele za watu kabla ya hapo.

Alipokea kata. Aliiangalia, halafu akaniangalia mimi. Akaiweka chini taratibu, bila kumwaga.

"Togwa wanapewa watoto," akasema.

Akanyanyuka, na waliokuja naye wakanyanyuka. Gideoni akawafuata akisema maneno ya kuwatuliza. Nilibaki nimesimama na kina mama wachache na watoto wa jirani. Zakayo akatoka ndani. Akainama, akaichukua ile kata, akanywa yote iliyobaki, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Ni tamu, mama mkubwa," akasema.

Akanirudishia kata, akawafuata wajomba zake kilabuni.

Tangu siku hiyo kuna watu hawanisalimii. Bombani nikiweka ndoo yangu, kuna mama anasogeza yake. Watoto wameambiwa wasile karanga zangu, naona wanavyotamani. Jina ninaloitwa nalijua. Mimi si mtu wa kulialia. Nimeona ni afadhali niitwe mchawi nikiwa nakula ugali, kuliko nisifiwe kaburini kwamba niliheshimu kata. Virusi vyangu vimeshuka, wamenirudishia dawa za miezi mitatu. Sketi inakaa bila kamba. Jioni redio ikianza taarifa nasimama mlangoni, na mdomo bado unataka kuita. Namaliza kumeza, nafunga mlango.

Nawe unayesoma, usingoje mtu akuulize habari za chupa. Chukua jagi, mwaga unachoonja, uliangalie mwenyewe.

Juzi asubuhi nilikuwa nachambua karanga nyuma ya nyumba. Mwanamke mmoja, mpishi wa kule bondeni, kijana bado, alipita njia ya shambani ili asionekane barabarani. Aliniamkia vizuri, akasimama akishikashika ncha ya khanga yake. Niliangalia ile ncha. Ilikuwa na fundo.

Akauliza kliniki ya Kiomboi wanafungua siku gani. Nikamwambia. Akauliza na yule mshauri wa chumba cha nyuma, ni mtu wa kugombeza? Nikasema hapana.

"Maana mimi bibi sinywi," akasema. "Naonja tu."

Nilisogeza ungo, nikamvutia kigoda karibu yangu, nikamwambia akae.